Amana ya hati: tusimtuhumu aliyeirejesha



Ndugu Waislamu, Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuamrisha kuandika madeni. Leo hati zetu nyingi za deni, mirathi na wakfu zimo katika simu na kompyuta. Kwa mvua za Rungwe, familia ya Matwebe inafanya busara kuipiga picha hati ya shamba kabla unyevu haujaila karatasi, na kuweka nakala ya akiba mtandaoni. Lakini siku ya kuirejesha, watajuaje kwamba faili lililorudi ndilo lile lile lililowekwa?

Kufunguka kwa faili hakutoshi. Wanazuoni wa Hadithi waliinakili Hadithi, kisha wakailinganisha na asili yake, na baada ya kuilinganisha wakatia nukta ndani ya duara lililo mwisho wake. Kompyuta nayo ina nukta yake: alama ya uhakiki. Programu hulipitia faili lote na kutoa namba moja. Likibadilika kidogo tu, namba hugeuka kabisa. Katika Windows, amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, huitoa.

Fitina huingia hapa. Kompyuta huiandika namba hiyo kwa heksadesimali, herufi 64. Baadhi ya maghala ya mtandaoni huiandika kwa besi-64, herufi 44, ya mwisho ikiwa alama ya usawa. Mzee akilinganisha daftari lake na karatasi aliyoletewa na kijana, ataona maandishi yasiyofanana hata kidogo, na huenda akamdhania kuwa ameibadili hati. Kumbe ni namba moja, kama 7 iandikwavyo ٧ katika msahafu.

Kwa hiyo geuzeni kwanza, ndipo mlinganishe. Kila herufi 6 za heksadesimali huwa 4 za besi-64: e3b0c4 huwa 47DE. Zipo programu za kugeuza zote mara moja. Angalieni, heksadesimali haitofautishi herufi kubwa na ndogo, lakini katika besi-64, D si d. Na mkiona alama inayoanza na e3b0c44298fc, faili hilo ni tupu. Hata alama zikilingana, hakuna hati iliyohifadhiwa.

Andikeni alama siku ile ile ya kuweka nakala, mtaje na aina ya maandishi yake, na daftari alishike mtu mwingine asiyetunza faili. Alama huthibitisha kuwa nakala haikubadilika; ukweli wa hati yenyewe bado unahitaji mashahidi.

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuchunguza habari kabla hatujawadhuru watu bila kujua. Ndugu asivunjiwe heshima kwa namba ambayo haijageuzwa.

Wabillahi tawfiq.