Maji machafu ya mjini yalipiwe na nani?

Maji ya Ziwa Viktoria yamefika Tabora, na jambo hilo si dogo. Watu wa Unyanyembe, ambao kwa miaka mingi walikitazama kina cha bwawa la Igombe kwa mashaka kila kiangazi kilipozidi, sasa hufungua bomba wakapata maji yaliyosafiri kutoka Ihelele katika mkoa wa Mwanza, yakipita nchi ya Wasukuma hadi kufika kwetu Unyamwezi. Sikonge nayo imo katika ule mradi wa miji 28 ambao mikataba yake ilitiwa sahihi mwaka 2022. Aliyeota ndoto ya namna hii zamani, wakati wapagazi wetu walipokuwa wakilala na kiu katika poli la Mgunda Mkali, angedhaniwa kuwa amepatwa na homa.

Lakini kila debe la maji liingialo mjini hutoka tena, na halitoki kama lilivyoingia. Wahandisi hukadiria ya kwamba kiasi cha sehemu nne katika tano za maji yatumikayo nyumbani hurudi yakiwa machafu. Mji ulioishi kwa ndoo chache kwa siku ulikuwa na maji machafu machache, nayo yalimezwa na mashimo ya vyoo na mchanga wa uani. Mji unaokoga kwa bomba, unaofua kwa bomba, na wenye nyumba za wageni zenye vyoo vya kuvuta maji, hauwezi tena kuyategemea mashimo hayo. Hapo ndipo linapozuka neno ambalo wakubwa hawapendi kulisema siku ya sherehe ya kufungua bomba: mtambo wa kuyasafisha maji machafu, ama kuyapanua mabwawa yaliyopo, utagharimu fedha nyingi, na fedha hizo lazima zitoke mfukoni mwa mtu.

Sisi twauliza: mfukoni mwa nani? Tena twauliza tukiwa Ipole, wala si Dar es Salaam, kwa sababu swali hili likitazamwa kutoka Ipole lina sura nyingine.

Ipole ni njia panda. Hapa atokaye Tabora kwa njia ya Sikonge huchagua kushika njia ya Koga na Mpanda, ama ya Rungwa na Chunya. Watu wake hulima tumbaku, mahindi na karanga, hurina asali ya miombo, na wana choo cha shimo nyuma ya nyumba. Mtu wa Ipole hatapelekewa bomba la maji machafu mwaka huu wala mwaka kesho, naye hakuliomba. Hata hivyo analipa. Katika kila lita ya petroli na dizeli imewekwa tozo ya shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Basi kijana wa bodaboda anunuaye petroli ya chupa kando ya barabara amekwisha changia kabla hajawasha pikipiki yake. Mkulima hulipa kodi katika sabuni na katika bati. Na Serikali inapokopa nje kwa ajili ya maji ya mji, deni hilo haliandikwi kwa jina la mji. Huandikwa kwa jina la taifa, na mtu wa Ipole ni sehemu ya taifa.

Kwa hiyo asiambiwe na mtu yeyote ya kuwa mambo ya mabwawa ya maji machafu ya mjini hayamhusu. Ana haki ya kuuliza hesabu.

Na tuanze na hesabu ya maji safi, kwa maana ndiyo iliyokwisha fanyika. Bomba la kwanza kutoka Ihelele, lililofika Shinyanga na Kahama na kufunguliwa mwaka 2009, lilijengwa kwa fedha za Serikali yenyewe. Wengi walisema haliwezekani, likawezekana. Nyongeza iliyoleta maji Tabora, Igunga na Nzega ikajengwa kwa mkopo wa dola milioni 268 kutoka India, na ile miji 28 kwa mkopo mwingine wa huko huko wa dola milioni 500. Hatuilaumu mikopo hiyo. Kiu haingoji bajeti. Ila mkopo wa dola una tabia yake, nayo yafaa ielezwe kwa tarakimu. Mteja wa maji hulipa bili kwa shilingi. Deni hulipwa kwa dola. Kila dola moja inapopanda bei kwa shilingi 100, deni la dola milioni 268 huongezeka kwa shilingi bilioni 26.8, bila ya kuongezeka hata koki moja. Mwaka 2021 dola ilikuwa kiasi cha shilingi 2,300, na katika mwaka 2024 ikavuka 2,600. Msomaji na azidishe mwenyewe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha tuonya juu ya kuifanya mikopo na misaada kuwa msingi wa maendeleo. Halikusema tusikope kabisa. Lilitaka mkopaji ajue uwezo wake wa kurudisha, maana dawa ya deni ni kulipa. Maji safi angalau huuzwa, na bei yake yaweza kurudisha sehemu ya deni. Maji machafu hayana mnunuzi. Hii ndiyo tofauti kubwa, na ndiyo sababu fedha hukimbilia bomba la kuingiza na kulikimbia la kutoa.

Angalieni Tanga. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya mji ule ilifanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mamlaka ya maji yoyote katika nchi yetu: ilitoa hati fungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na watu wakanunua kupita kiasi kilichotakiwa. Deni ni la shilingi, wala halitetemeki dola ikipanda. Twawapongeza watu wa Tanga. Lakini fedha hizo zilitafutwa kwa ajili ya kuongeza maji safi. Riba yake, deni likiwa zima, ni karibu shilingi bilioni 7.2 kwa mwaka, nayo hutoka katika mauzo ya maji. Je, mwenye fedha zake angenunua hati ya mabwawa ya uchafu? Pengine angenunua, kama mamlaka ingemwonyesha mapato ya hakika. Ila mji wenye nyumba chache zilizounganishwa na bomba la maji machafu hauna mapato hayo, na kuwabebesha wachache hao riba ya namna ile ni kuwafukuza warudi kwenye mashimo.

Ndiyo maana mitambo mikubwa ya maji machafu katika Afrika ya Mashariki karibu yote imesimama kwa fedha zilizochanganywa. Arusha ilipata mabomba na mabwawa yake mapya katika mradi wa dola milioni 233.9, ambao sehemu kubwa yake ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kampala ilijenga mtambo wa Bugolobi, wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku, kwa fedha za Serikali ya Uganda, benki hiyo hiyo, Ujerumani na Umoja wa Ulaya. Na tuitazame Kampala vizuri, kwa kuwa ina somo. Maji machafu ya mji ule hushuka kwa mfereji wa Nakivubo mpaka kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria, na katika ghuba hiyo hiyo, pale Gaba, mji huchota maji yake ya kunywa. Kadiri ghuba ilivyochafuka, ndivyo dawa ya kusafishia maji ya kunywa ilivyozidi gharama. Basi hata yule asiye na bomba la maji machafu hulipia uchafu usiosafishwa, katika bili yake ya maji safi, au katika ada ya daktari.

Kwetu mito huenda upande mwingine lakini habari ni ile ile. Igombe na Ugalla yote huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Mto hauulizi mpaka wa manispaa.

Kwa sababu hiyo sisi twaona ya kuwa ujenzi wa mtambo ni mzigo wa wote, na uendeshaji wake ni mzigo wa watumiaji. Mtambo hukaa miaka thelathini au arobaini. Si haki kuulipia kwa bili za miaka mitano, na si haki pia kumwachia mjukuu deni lote. Serikali Kuu na ibebe ujenzi, kwa ruzuku na kwa mkopo wa muda mrefu wenye riba nafuu. Lakini umeme, mishahara, na kazi ile isiyopendeza ya kuzoa tope mabwawa yanapojaa, hizo zilipwe na walio na bomba, kila mmoja kwa kadiri ya maji atumiayo. Hoteli isilipe sawasawa na chumba cha kupanga. Na kiwanda kinachotoa mafuta, damu au madawa kilipe kwa ukali wa uchafu wake pia, maana pipa moja la machinjioni huichosha kazi ya bwawa kuliko mapipa mengi ya maji ya kuogea.

Wako watakaosema: uzeni jambo hili kwa makampuni, nayo yatajua pa kupata fedha. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1989. Makampuni ya maji ya England yalikabidhiwa yakiwa yamefutiwa madeni. Ilipofika mwaka 2023 yalikuwa yanadaiwa zaidi ya paundi bilioni 60, na wenye hisa walikuwa wamekwisha pata gawio lao mwaka hata mwaka, huku maji machafu yakimwagwa mitoni kila mvua inapozidi. Kama hayo yamewapata wao wenye mabenki yao, sisi tusiwe na haraka.

Njia tunayoipenda zaidi ni ile waliyoishika Wamarekani baada ya kujaribu nyingine. Kwa sheria yao ya mwaka 1972 Serikali yao ya kati ilitoa ruzuku mpaka robo tatu ya gharama za mitambo. Mitambo ikajengwa, lakini fedha iliyotolewa haikurudi. Mwaka 1987 wakageuza: fedha ikapelekwa katika mifuko ya majimbo, kila jimbo likaongeza la kwake kwa kiasi cha tano moja, na miji ikakopa humo kwa riba ndogo. Mji mmoja ukilipa, marejesho yake hukopeshwa mji mwingine. Fedha ile ile hufanya kazi mara ya pili na ya tatu. Sisi tunao Mfuko wa Taifa wa Maji. Haishindikani kutenga ndani yake fungu la kuzunguka, la shilingi wala si la dola, ambalo Tabora ingekopa leo, na marejesho ya Tabora yakaifaa Sikonge itakapokuwa mji mkubwa.

Hapo mtu wa Ipole ataona faida ya shilingi 50 zake. Lakini haitoshi aione kwa kungoja. Mtambo wowote utakaojengwa au kupanuliwa kwa fedha ya taifa uwe na mahali pa kupokea tope la vyoo vya mashimo, litakaloletwa na magari ya kunyonya maji machafu kutoka Sikonge na miji midogo ya jirani, kwa ada ambayo mwenye nyumba ya kawaida ataimudu. Wengi wa wananchi wetu, hata ndani ya miji, wanatumia mashimo. Mpango unaolisahau shimo umewasahau walio wengi, hata kama mabomba yake yameagizwa kutoka ng'ambo.

Tena si lazima tununue mitambo yenye mashine za fahari. Nchi ya Tabora ina jua na ina ardhi, na mabwawa ya wazi huhitaji hivyo viwili kuliko umeme. Huko Moshi maji yatokayo kwenye mabwawa ya mji yamekuwa yakimwagilia mpunga wa wakulima. Mabwawa yakihudumiwa, na maji yakapimwa kabla ya kuachiwa shambani, uchafu hupata thamani kidogo, na thamani hiyo ingeweza kupunguza bili.

Katika njia hii ya misafara, kila msafara ulilipa hongo ulipopita katika nchi ya mtemi, na huko Ugogo walilipa hata kwa maji ya visima. Neno hongo lilikuwa na heshima zake kabla halijaharibika: msafiri alijua analipa nini, kwa nani, na kwa kupewa nini. Mabishano yalikuwa marefu na ya wazi, mbele ya watu, na msafara haukuondoka mpaka yamekwisha.

Basi tunaitaka mamlaka ya maji na halmashauri zinazohusika, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa mtambo wa maji machafu wa Tabora, zitangaze kwa Kiswahili gharama ya ujenzi, riba, fedha ambayo deni litalipwa kwayo, na bei mpya itakayoandikwa katika bili. EWURA huwaita watumiaji wa maji kutoa maoni bei inapotaka kupandishwa, na hilo ni jema. Lakini wakati huo deni limekwisha fungwa. Mkutano ufanywe mapema zaidi, na mmojawapo ufanywe hapa Ipole, siku ya gulio, ambapo wenye tumbaku na wenye asali wamekusanyika na wana muda wa kuuliza.