Kabla ya Kununua Hisa, Simu na Iulizwe Kwanza

Mkopo wa chama ukisha kulipwa, na ada za shule zikisha kutolewa, katika nyumba nyingi za askari hubaki fedha kidogo, na hapo ndipo mashauri huanza. Tuseme mume yuko zamu Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe; mke yuko Kasese na watoto. Jirani anamletea mke habari kwamba hisa za kiwanda cha saruji cha Hima zinauzwa kwa bei nafuu, ila zilipiwe kwa simu kabla ya Jumamosi.

Kuwapo kwa kiwanda cha Hima hakuna anayekutilia shaka, maana hata mtoto wa Kasese anakijua. Lakini kiwanda kuonekana ni jambo moja, na hisa zake kuuzwa kwa umma ni jambo jingine. Orodha ya makampuni yaliyomo katika Soko la Hisa la Uganda, lililoanza biashara mwaka 1998, imo katika tovuti ya soko hilo na husomwa bure. Hima haimo. Sehemu yake kubwa ilikuwa mali ya Bamburi Cement ya Kenya, ambayo hisa zake ziliuzwa Nairobi, hadi mwaka 2024 iliponunuliwa na Sarrai Group pamoja na Rwimi Holdings. Migodi ya shaba ya Kilembe, iliyofungwa mwaka 1982, nayo haimo.

Yapasa pia kumchunguza muuzaji. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hutangaza katika tovuti yake majina ya mawakala wenye leseni. Asiyekuwamo hana haki ya kupokea hata shilingi moja ya hisa. Waliopeleka fedha kwa Dunamiscoins, kampuni iliyoahidi faida kubwa kwa muda mfupi na kufunga milango Desemba 2019, wangalifaidika na uchunguzi wa dakika tano.

Bei za kila siku nazo huonekana bure, lakini huwadanganya wengi. Mwaka 2021 hisa ya MTN Uganda iliuzwa kwa umma kwa shilingi 200; mwaka 2023 ile ya Airtel Uganda kwa shilingi 100. Je, Airtel ilikuwa rahisi mara mbili? Hata kidogo. MTN ina hisa karibu bilioni 22.4, na Airtel bilioni 40. Kwa bei hizo, MTN nzima ilithaminiwa kwa shilingi trilioni 4.5 hivi, na Airtel trilioni 4. Bei ya hisa moja, bila hesabu ya hisa zote na faida ya mwaka, haisemi neno.

Hesabu hizo zimo katika taarifa ya mwaka ya kila kampuni. Hicho ndicho chombo bora kuliko michoro yote ya bei ipandayo na kushuka, ingawa ni kirefu, kinachosha, na kimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa sekondari aitwe asaidie. Umeme ni mfano mzuri. Kampuni hiyo ilipokea kazi ya kusambaza umeme mwaka 2005 kwa mkataba wa miaka 20, na hisa zake zikauzwa kwa umma mwaka 2012. Siku ya mwisho ya mkataba haikuwa siri. Aliyetazama gawio tu alishangaa tarehe 31 Machi 2025 serikali ilipoichukua kazi hiyo, na mabishano juu ya fidia yakaanza. Aliyesoma taarifa alikwisha kujua kwamba ananunua kitu chenye ukomo.

Jambo moja simu haiwezi kulitengeneza: wanunuzi katika soko la Kampala ni wachache, na mwenye kutaka kuuza huenda akangoja. Kwa hiyo ada ya muhula ujao ibaki katika chama, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi.

Nyumba ikishakubaliana na kununua, namba ya akaunti ya hisa iandikwe katika daftari pamoja na jina la wakala, na ihifadhiwe mahali pamoja na vyeti vya ndoa na vya watoto. Askari huhamishwa ghafla, na wapo wasiorudi. Gawio la hisa ambazo mjane hazijui hulala Kampala bila mwenyewe.