MFINYANZI HULIA GAENI: MPAKA LINI?

Ndugu Wafanyakazi,

Wazee walisema mfinyanzi hulia gaeni. Maana yake, yule anayewafinyangia watu wote vyungu, yeye mwenyewe hula katika kigae kilichovunjika. Watu wakitaja methali hii hucheka. Mimi sioni la kuchekesha. Naona ni hesabu ya mshahara iliyoandikwa kwa maneno matatu.

Naandika habari za mama zetu na dada zetu wanaofinyanga huko Nyanza, Magharibi na Ukambani, kwa sababu nimesikia wanachama wengine wakisema jambo hili si la chama. Wanasema, "Chama ni cha watu wenye kazi. Yule mama anafinyanga tu." Hilo neno "tu" ndilo ninalotaka kupigana nalo leo.

Kwanza, tuitazame kazi yenyewe. Mama huchimba udongo mtoni, akaubeba kichwani. Nyumbani huuloweka, huuponda, huondoa mawe na mizizi, kisha huchanganya mchanga au vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni. Hana gurudumu wala mashini. Huviringisha udongo kama kamba nene, akapandisha duara juu ya duara, akaparuza kwa kipande cha kibuyu, akalainisha kwa kokoto. Chungu hukaushwa kivulini siku nyingi, maana kikiharakishwa hupata ufa. Mwisho huchomwa uwanjani kwa kuni na majani makavu. Mvua ikishuka ghafula, kazi ya wiki mbili hupasuka kwa dakika chache. Fundi wa karakana yetu akiharibikiwa na chuma, stoo itampa chuma kingine. Mama huyu hana stoo. Wakati wa masika vyungu havikauki, basi hana kazi wala senti. Ni mwanachama gani kati yetu angekubali masharti kama hayo?

Sasa tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mama ametia motoni mitungi 20. Minne imepasuka, miwili imevunjika njiani, imebaki 14. Mchuuzi amekuja na gari, anasema, "Shilingi 200 kila mmoja, hutaki acha." Mama amepata 2,800. Akitoa 800 za kuni anabaki na 2,000. Kwa kazi ya siku 14, hiyo ni shilingi 142 na senti kwa siku. Mtungi ule ule ukipangwa kando ya barabara Nairobi na kuuzwa 800, bei yake imekuwa mara nne. Sikatai kwamba mchuuzi ana petroli ya kununua na vyungu vya kuvunjika. Na alipwe jasho lake. Lakini ni nani aliyekaa na mama wakapatana bei? Hakuna. Bei imetoka mdomoni mwa mtu mmoja.

Zamani mshahara wetu nao ulitoka mdomoni mwa mtu mmoja, mpaka watu wakakataa. Januari 1947, kule Mombasa, watu wa bandari, watu wa reli na hata wapishi wa majumbani waligoma pamoja. Hawakuulizana kwanza ni nani mwenye kazi ya maana.

Pili, wako wanaosema sufuria na plastiki zimekwisha kuua chungu, tusipoteze wakati. Ni kweli soko limepungua, na sisi wa reli tusijifanye hatujui. Njia ya reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na masufuria yalikwenda ziwani ndani ya mabehewa yetu. Lakini chungu hakikufa. Maji ya mtungini hupoa bila stima, kwa sababu udongo hutoa jasho: maji kidogo hupenya nje, hukaushwa na upepo, na joto likaondoka nayo. Ndoo ya plastiki haiwezi kazi hiyo. Lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, lililoenea mijini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa sababu ya ule udongo wake. Vyungu vya maua vimesimama mbele ya mahoteli. Huko Pwani udi hufukizwa katika chetezo cha udongo. Basi mali inatakiwa. Kinachokufa si chungu, ni bei ya mwenye kukifinyanga.

Na wanaoita kazi hii ushamba, wamtazame Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Yeye hufinyanga kwa mkono, bila gurudumu. Katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wafinyanzi wa huko. Leo vyombo vyake vimewekwa British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Sanaa yake ni yake, lakini liko jambo la kujifunza: chombo chake kina jina lake. Mtungi wa mama wa Nyanza hauna jina, na kitu kisicho na jina huwa mali ya yule anayekiuza.

Tatu, ndugu wengine wanauliza, "Hana mwajiri, chama kitagombana na nani?" Swali hili lilikwisha jibiwa. Mwaka 1972, katika mji wa Ahmedabad, Uhindi, wanawake wanaojifanyia kazi wenyewe walianzisha chama chao, SEWA. Mlezi wao alikuwa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo, chama kama hiki chetu. Serikali kwanza ilikataa kuwaandikisha, ikisema hawana mwajiri. Ela Bhatt na wenzake wakajibu kwamba chama ni cha kuunganisha wafanyakazi, si lazima kiwe cha kumpinga mwajiri. Kikaandikishwa mwaka ule ule, na leo wanachama wake wamepita milioni moja. Je, walioweza watu wa nguo watashindwa watu wa reli?

Kwa hiyo naleta mambo manne mbele ya matawi yote:

1. Tawi lililo karibu na wafinyanzi litoe katibu wa kuwasaidia kuunda ushirika na kuandika vitabu vya hesabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 36, inampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake.

2. Bei iandikwe kwa kipimo cha chombo, wauzaji wote waishike, na hesabu ya kuni na ya vilivyopasuka iwemo.

3. Kila mfinyanzi atie alama yake chini ya chombo kabla hakijakauka.

4. Tuitake serikali ya kaunti ijenge banda la kukaushia wakati wa mvua, na ilinde mahali pa udongo pasiuzwe kwa siri.

Wengi wetu karo yetu ya shule ilitoka katika mitungi. Tulikula katika chungu kizima, aliyekifinyanga akala gaeni. Deni hilo halilipwi kwa kupiga makofi mkutanoni. Mkutano wa tawi ujao, jambo hili liwekwe katika ajenda, na anayelipinga asimame atuambie sababu yake.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Kisumu