Kidonda kimepona, ubongo je?

Wasee, leo tuambiane ukweli. Hapa mtaani mtu akianguka na nduthi, tunamhesabia mifupa. Mguu uko sawa? Mkono? Basi ashukuru Mungu, wiki ijayo arudi stejini. Kichwa hatuulizi, bora hakuna damu.

Miezi inapita, maneno yanaanza. "Siku hizi ana hasira za bure." "Amekuwa mvivu." "Anavuta vitu." Wengine wanasema amerogwa. Nimeyasikia Kibera, nimeyasikia Kawangware, na si mara moja nimeuliza nikapata kuna ajali nyuma yake.

Ubongo ni laini na umekaa ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikigonga lami, unatikisika na kugonga fuvu kutoka ndani, hata kama ngozi haijapasuka, hata kama hukuzimia. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inakusaidia kujizuia, kupanga siku na kumaliza ulichoanza. Ikiumia, mtu anaweza kutembea na kuongea fiti kabisa, lakini analipuka kwa kitu kidogo, anasahau chenji ya mteja, na saa nne asubuhi ashachoka. Huo si uvivu.

Na si mambo ya jana. Mwaka 1848 huko Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli, Phineas Gage, alitobolewa kichwa na chuma. Aliishi zaidi ya miaka 11 baadaye, lakini marafiki walimwona ni mtu mwingine.

Maoni yangu: kabla uhukumu tabia ya mtu, uliza kama aliwahi kugonga kichwa. Akienda kliniki, daktari aambiwe kuhusu ajali, hata kama ni ya mwaka jana. Nyumbani, mwambieni jambo moja kwa wakati, mwekeeni alamu kwa simu, punguzeni kelele.

Na siku yenyewe ya ajali, akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akisinzia ovyo au akishikwa na degedege, usimwambie alale apumzike. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Sheria ya Kenya inataka dereva na abiria wote wavae helmeti. Ile inaning'inia kwa usukani kutoka Olympic hadi 46 haimsaidii mtu. Najua, inanuka. Funga leso kwanza, halafu uivae.