Mti wa maabara utasimama Murusagamba?

Wadau, mjadala wa GMO hapa kwetu tumeshauzoea. Mmoja anasema ni sumu, mwingine anasema ni mkombozi, na wote wawili hawajakanyaga shamba la majaribio. Leo tuongelee kitu kimoja tu, lignini, maana kinawagusa watu wa Murusagamba kule Ngara kuliko wanavyodhani.

Lignini ni ile gundi ngumu iliyomo kwenye miti na mabua. Ndiyo inayoufanya mti usimame, mirija inayopandisha maji isibonyee na kuni ziwake moto mkali. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayomfanya ng'ombe atafune mabua ya mahindi kutwa nzima na kuambulia kidogo. Viwanda vya karatasi navyo vinamwaga kemikali nyingi kuiondoa. Basi wanasayansi wakasema: tuipunguze.

Wamefanikiwa? Ndiyo, ila kwa masharti. Marekani iliruhusu alfalfa ya GMO yenye lignini pungufu mwaka 2014, na ng'ombe wanaisaga vizuri zaidi. Kwenye miti mambo yakawa magumu. Ubelgiji walipanda mipopla ya aina hiyo huko Ghent mwaka 2009. Kuni zake zilitoa sukari nyingi zaidi ya kutengenezea mafuta, lakini miti iliyopunguzwa sana lignini ilidumaa. Hata ndani ya mti mmoja, sehemu moja ilibadilika na nyingine haikubadilika. Kule Oregon, Marekani, baadhi ya mipopla ilishindwa kupandisha maji sawasawa.

Sasa hapo ndipo penye hoja yangu. Lignini haitawaliwi na jeni peke yake. Mkulima yeyote anajua kwamba mahindi yaliyobanana shambani, yakapigwa na kivuli na kumwagiwa mbolea nyingi ya chumvichumvi, hurefuka haraka na kuanguka upepo ukija. Ni mbegu ile ile, ila mazingira yamelegeza bua. Upepo, ukame, jua na rutuba vyote vina kauli. Sasa ukiwa umeshaipunguza lignini kwenye jeni, halafu shamba nalo likapunguza, nini kinabaki?

Chukua mfugaji wa Murusagamba. Juni mpaka Agosti majani yamekauka, na mabua laini yangemfaa sana. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo mti wenye mirija dhaifu unateseka kwa kiu. Jirani yake anataka mti wa nguzo na kuni, na huyo anaihitaji lignini yote! Kinachomfaa mwenye kiwanda cha karatasi kinaweza kumkosesha mama huyu moto jikoni.

Serikali ilifanya nini? Mahindi ya GMO ya kuhimili ukame yalianza kujaribiwa Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza majaribio yasimame na masalia yateketezwe. Januari 2021 Waziri Adolf Mkenda akatangaza tena kusitisha. Mahindi yale hayakuhusu lignini, lakini funzo ni lile lile: ukifunga shamba la majaribio hujamlinda mkulima, umemfumba macho. Siku mbegu ya namna hii ikija, atasomewa matokeo ya Ghent.

Na msidhani marufuku ya GMO inamaliza kazi. Mahindi yenye mshipa wa kahawia katikati ya jani, ambayo yana lignini kidogo kwa asili, yaligunduliwa Minnesota mwaka 1924. Mtama wa namna hiyo upo pia. Hizi si GMO, zinaweza kuingia kwa mlango wa kawaida wa mbegu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mbunge, TOSCI au mtafiti si "GMO ndiyo au hapana". Muulizeni: umeipanda wapi, misimu mingapi, na mabua yalisimama? Hata jibu la "tumejaribu Maruku" halitoshi. Maruku iko Bukoba, ziwani, na mvua za Bukoba si mvua za Ngara.

Mimi siogopi sayansi. Naogopa sayansi iliyofanyiwa shamba la mtu mwingine, halafu hasara nikalipa mimi.

Wadau wa Ngara na Biharamulo, mabua yenu mnayafanyia nini kiangazi? Tupeni hali halisi. Naomba kuwasilisha.