Matungulu Yasifyekwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe malalamiko yangu juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tunalitenda kila Jumamosi ya kazi. Tukipewa mapanga tusafishe mteremko ulio kati ya uwanja wa mpira na kijito, mmea wa kwanza kufyekwa ni matungulu. Eti ni magugu, hata maua hayana.

Maua yanayo. Sisi huyatafuta juu, nayo yako chini. Atakayeinama na kufunua majani makavu ataona ua limechomoza udongoni, kando ya mabua yenye majani. Lina mdomo mpana ambao nyuki hutua juu yake, na mdomo huo si petali hasa, bali ni stameni zilizogeuka umbo. Stameni moja tu ndiyo iliyobaki na chavua, na kijiti cha kike kimepita katikati yake kama uzi. Hata hayo mabua si shina. Ni majani yaliyokumbatiana, kama mgomba. Shina lenyewe hutambaa ardhini kama la tangawizi, ambayo ni ndugu yake. Basi darasani tunachora ua la hibiskasi mwaka baada ya mwaka, na hili tunalikanyaga.

Wengine watasema, nyoka je? Kweli, kichakani nyoka wamo. Tufyeke njia na kando ya mabweni, sikatai. Lakini kule mteremkoni, mashina hayo yaliyosukana ndiyo yanayoshika udongo. Sote twajua maji ya Rwenzori yakikasirika. Nyamwamba ilituonyesha mwezi wa Mei 2013, ikarudia Mei 2020. Sisemi matungulu yangeyazuia mafuriko yale yaliyobeba mawe makubwa. Nasema juu ya mvua ya kawaida tu. Tangu tulipoanza kufyeka mpaka kijitoni, nguzo ya goli la chini imeinama, na kila mtu anatazama.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, mliokuwa mkitafuna matunda yake mekundu yenye uchungu wa ndimu baada ya mechi, tusaidieni kusema. Leo sokoni watoto hawayajui, ila sokwe wa msitu wa Kibale bado wanayala.

Namwomba kiongozi wa kazi atuachie hatua kumi kutoka kijitoni. Vijiti vinne na kamba vyatosha kuonyesha mpaka. Kamba ninayo.

Mwanafunzi wa S.3