Mpelelezi wa Kukodiwa: Tumtambue, Tusigawanyike



Penye mfanyakazi anayedai haki yake hapakosi mtu anayelipwa ili ajue jina lake, nyumba yake na rafiki zake. Mtu huyo ni mpelelezi wa kukodiwa. Hana cheo cha polisi wala hati ya hakimu. Anatumwa na mwenye mali, analipwa na mwenye mali, na taarifa yake humpelekea mwenye mali. Wapo wanachama wanaosema kuwa hizi ni hadithi za sinema. Wapo na wengine ambao kila mgeni wakimwona humwita jasusi. Wote wamekosea, na hao wa pili wanatutia hasara kubwa zaidi.

Tuanze na wanaosema kuwa ni hadithi. Mwaka 2009 huko Uingereza, maofisa wanaolinda taarifa za watu waliingia katika ofisi moja ndogo mjini Droitwich, wakakuta orodha ya wafanyakazi wa ujenzi 3,213. Makampuni zaidi ya 40 yalikuwa yakiilipia. Aliyelalamikia usalama kazini, au aliyeshika uongozi wa chama, aliandikwa humo; kisha akazunguka kutafuta kazi asipate, wala asiambiwe sababu. Mwaka 2021 mahakama ya Versailles, Ufaransa, iliitoza IKEA ya nchi hiyo faini ya euro milioni 1 kwa kuwapeleleza wafanyakazi wake, wakiwamo wanachama wa vyama. Walitumiwa wapelelezi wa kukodiwa, na taarifa zikachotwa hata katika majalada ya polisi. Kama yanatendeka huko kwenye sheria kali, nani atuhakikishie kuwa hapa hayawezekani?

Wazee wetu waliotoka Luapula kwenda migodi ya shaba ya Copperbelt walikuwa na shida iliyofanana na hii. Wenye migodi waliweka wawakilishi wa makabila wasimame kati yao na wafanyakazi, na wachimbaji wengi wakawaona kuwa ni watu wa mwajiri. Mwaka 1953 walipiga kura, na kwa kura nyingi sana mfumo huo ukaondolewa.

Sasa tuangalie pwani yetu hii ya Ziwa Mweru. Nchelenge na Kashikishi wageni hawakauki. Wapo wanunuzi wa samaki kutoka Copperbelt, wapo wanaopeleka chisense Lubumbashi, na mitumbwi inavuka kutoka Pweto na Kilwa ya upande wa Kongo. Wengi wa watu hawa ni wanyonge wenzetu wanaotafuta riziki. Tukianza kusema kuwa kila anayesema Kiswahili kwa lafudhi ya Kongo ametumwa, tutawapiga wasio na hatia, na mwajiri atacheka bila kutoa hata ngwee moja. Mpelelezi hatambulikani kwa sura wala kwa kabila. Anatambulikana kwa mwenendo.

Mwenendo wenyewe ni huu. Gari lile lile linaonekana penye lango la kiwanda, kisha karibu na nyumba ya katibu wa tawi, kisha penye mkutano, tena kwa siku mbalimbali. Mtu anasema amekuja kununua samaki, lakini maswali yake yote ni ya kazini: nani msemaji wenu, mgomo mnaupanga lini, mwenyekiti anakunywa pombe wapi. Anawauliza watoto na majirani badala ya kukuuliza wewe mwenyewe. Ananunulia watu bia kilabuni na kuomba kuona orodha ya wanachama. Mwingine hujifanya shujaa kuliko sisi sote, akatushauri tuchome ghala au tumpige msimamizi. Huyo wa mwisho ni wa hatari kuliko wote, kwa sababu siku ghala likiungua, chama ndicho kitakachoshitakiwa.

Dalili moja si ushahidi. Dalili tatu zilizoandikwa ni jambo la kupeleka ofisini.

Basi mfanyakazi afanye nini? Aandike tarehe, saa, mahali na namba ya gari. Asimfukuze mtu huyo, asimtukane, asimguse. Awaambie viongozi wawili wa tawi, wala asilitangaze sokoni. Akiulizwa habari za chama, ajibu kwa adabu: "Nenda ofisini ukamwulize katibu." Orodha ya wanachama ifungiwe, isitumwe ovyo kwa simu. Jina la mtu lisitajwe mkutanoni kuwa ni jasusi mpaka kamati imemwita na kumsikiliza.

Mwenzetu aliyeumia kazini na anayedai fidia ajihadhari zaidi, kwani huyo ndiye anayefuatwa na kupigwa picha mara nyingi. Amweleze daktari ukweli mtupu, asiongeze wala asipunguze, na karatasi zote za hospitali azitunze. Picha ya mtu akinyanyua ndoo moja ya maji haionyeshi jinsi alivyolala usiku na maumivu; karatasi ya daktari ndiyo itakayomtetea.

Haki tunayo. Katiba ya Zambia, kifungu cha 17, inakataza mtu kupekuliwa au nyumba yake kuingiwa bila ridhaa yake, isipokuwa kwa njia zilizowekwa na sheria. Kifungu cha 21 kinalinda uhuru wa kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Sheria ya Kulinda Taarifa ya mwaka 2021 inahesabu uanachama wa chama kuwa taarifa nyeti. Sheria ya Kazi ya mwaka 2019 haimruhusu mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya chama chake. Anayeingia nyumbani mwako bila ruhusa ashitakiwe polisi, na tawi likusindikize.

Tuseme haki pia kwa upande wa mwajiri. Akiibiwa mali kiwandani au majani ya chai shambani, ana ruhusa ya kuchunguza, na chama hakiwezi kumficha mwizi. Lakini kuchunguza wizi ni jambo moja, na kuhesabu nani amehudhuria mkutano ni jambo jingine kabisa.

Watauliza wengine: kama tunafuatwa, si afadhali tukutane kwa siri usiku? Hapana. Mambo machache yana siri yake, kama majina ya wanachama na kiwango tutakachokubali katika mapatano. Mengine yote yasemwe mchana: madai yetu yabandikwe ukutani, hesabu za michango zisomwe mbele ya wanachama, viongozi wachaguliwe kwa kura. Mpelelezi akija mkutano wa namna hiyo atarudi na habari ambazo mwajiri tayari amekwisha kuandikiwa kwa barua.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Lakini anayechana nguo yake yote kwa kutafuta kiroboto mmoja atabaki uchi. Tawi lililokaa miezi mitatu likishukiana halikusanyi michango, halitetei aliyefukuzwa, halipeleki madai. Mwajiri aliyelipa mpelelezi hutaka hayo hasa, hata kama mpelelezi mwenyewe hakuona kitu.

Macho yawe wazi, kalamu iwe mkononi, na umoja wetu usivunjwe.